Nkambo Aliniuliza Habari za Kwetu

Nilifika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, jioni, siku ya nne tangu nitoke Tabora. Malori yalikuwa kwenye foleni upande wa pili, yamebeba mabamba ya shaba, yanaelekea Dar es Salaam. Niliyatazama kwa muda mrefu, kwa kuwa shaba ndiyo iliyowaleta huku wazee wa baba. Kalasa alitoka Usumbwa, pande zetu za Unyamwezi, kuifuata Katanga, kusini mwa Kongo. Mwanawe Msiri akabaki, akasimamisha dola ya Garenganze, makao yake Bunkeya. Watu wake ndio Wayeke. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alimpiga Msiri risasi akafa. Baba aliisimulia siku hiyo kama msiba wa juzi.

Baba mwenyewe alizaliwa Lubumbashi, akahamia Tabora akiwa kijana, akaoa Mnyamwezi, akazikwa huko. Aliniachia picha moja na jina la avenyu katika komini ya Kenya, sehemu ya mji wa Lubumbashi.

Soko la Kenya asubuhi limejaa vumbi jekundu na harufu ya makala, yaani mkaa. Mama mmoja muuza sombe, yaani kisamvu, aliishika picha, akaiinamia, kisha akamwachia jirani meza yake na kunishika mkono. Hatukutembea hata robo saa.

Shangazi yake baba yu hai. Ni kikongwe, macho yamefifia, na kila mtu pale uani humwita nkambo, yaani bibi. Alinipapasa uso, paji hadi kidevu, akanyamaza. Tukaletewa bukari, ugali wa huku, na samaki, nikapewa kinywaji cha munkoyo. Hapo ndipo aliponiuliza:

"Kule kwetu, mvula ilisha kunya?"

Nilishindwa kumeza. Njia nzima nilikuwa nikiwaambia abiria wenzangu kwamba naenda kwetu, Lubumbashi. Naye, ambaye hajawahi kukanyaga Tabora, wala mama yake, alikuwa akiniuliza habari za kwetu kama mtu aliyeondoka mwaka jana. Nikamwambia bado haijanyesha, wakulima wanangoja. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Akaomba nimwamkie kwa lugha ya huko. Nikasema, "Mwangaluka, nkambo." Akanitaka nirudie mara tatu, midomo yake ikiifuata yangu, halafu akawaita wajukuu waje kusikia.

Kesho binamu zangu wananipeleka Bunkeya. Nkambo hawezi tena safari. Ameniagiza niwaamkie wazee wa kule vile vile, polepole, ili walishike neno lote.