CT mbili kwa siriz: mzigo unagawanyika, reshio haiguswi

Juzi kijana ninayefanya naye kazi kaniuliza, "fundi, tukiunga CT mbili kwa siriz si reshio inakuwa mara mbili?" Nikaona niandike kabisa, maana hapa Mtwara swali hili nimelisikia mpaka kwa mafundi wazoefu. CT ni kile kifaa kinachovalishwa waya mkubwa, kinatoa mkondo mdogo wa kupelekea mita na rilei, na reshio ndo inasema mkondo umepunguzwa mara ngapi.

Hapana. CT mbili za aina moja, zimevalishwa fezi ileile, ukiunga sekondari zake (upande unaotoa mkondo mdogo) kwa siriz mkondo unabaki uleule, kila CT inasukuma nusu ya voltiji basi. Ni kama gunia la korosho mkilibeba wawili kwa mti, gunia ni lilelile ila kila bega limepata nafuu. Mikondo inajumlishana ukiunga kwa paralel.

Mi nilikutana nayo kwenye kiwanda kimoja cha korosho huku, msimu umepamba moto, mota ikipiga shoti breka ya fida yake inakaa tu halafu inatripu ile kubwa, kiwanda kizima giza na akina mama wamekaa mezani na korosho mikononi. Wakabadilisha rilei, ile inayosoma mkondo wa CT na kuamuru breka ikate, wapi. Nikaenda kupima waya. CT ni 400/5 (amp 400 kwenye fezi zinatoka 5), VA 15 (mzigo wa waya na rilei inaoweza kuubeba), 5P10, na kutoka kwenye CT mpaka chumba cha paneli ni mita 60 kwa waya wa milimita za mraba 2.5, kwahiyo kwenda na kurudi mita 120, omu 0.89 hivi, zidisha 5 mara 5 unapata VA 22, hapo rilei haijala 3 zake. Jumla 25 kwa CT ya 15! Ile 10 ya kwenye 5P10 ni ahadi kwamba CT haitakosea zaidi ya asilimia 5 mpaka mkondo ufike mara 10 ya wake, ila iwe na mzigo wake wa VA 15, ukiizidishia chuma chake kinajaa sumaku mapema, kwa hesabu ya harakaharaka kwenye mara 6. Kwahiyo shoti ikija rilei inaletewa mkondo pungufu, inachelewa.

Stoo kulikuwa na CT nyingine tatu pacha. Tukazima, teminali za zamani zimeota kijani kwa chumvi ya bahari tukazipiga msasa, P1 (alama ya upande wa kuingilia) zote zikatazama umeme unakotokea, S2 ya kwanza ikaenda S1 ya pili (S1 na S2 ni teminali za sekondari), ethi sehemu moja tu. Kabla ya kufunga tukagusisha betri praimari (upande wa waya mkubwa), sindano ya mita ikaruka kulia kwa zote. Usiruke hapo, ukigeuza moja zinapigana, rilei haioni kitu na voltiji inapanda kama umeacha sekondari wazi. Na sekondari wazi huku mashine zinavuta inaweza kufika maelfu ya volti, ndugu yangu nakuomba, funga shoti teminali kwanza ndo uguse kitu kingine.

Njia nyingine ni waya mnene, au CT na rilei za amp 1, waya uleule ungekula chini ya VA 1, ila hizo ni za kuagiza na msimu hausubiri.

Tukawasha. Mashine zikavuta amp 200, kwenye rilei 2.5, reshio haijasogea, nikaweka mita kwenye CT ya kwanza volti 1.2, ya pili 1.3.