Siku Moja Katika Chumba cha Dripu za Vitamini

Saa 11:40 alfajiri

Ujumbe umeingia kabla ya kengele ya kuniamsha. Ni dada mmoja anayesafiri keshokutwa: "Sista, leo kuna nafasi? Nataka dripu ya kinga, kwenye ndege watu hukohoa sana." Namjibu aje saa 2:30, asije na njaa, na aje na orodha ya dawa zote anazotumia. Habari ya kinga siigusi. Hiyo inataka tukae, tutazamane.

Mimi ni muuguzi. Nilikaa wodini miaka kumi, sasa niko kwenye kliniki ndogo inayotoa dripu. Wagonjwa wachache wanakuja na agizo la daktari. Walio wengi ni watu wazima wenye afya zao, wanaotaka vitamini zipite mshipani kwa kuwa wamesikia zinapandisha kinga ya mwili.

Saa 1:10 asubuhi

Naanza na meza. Nafuta, naandika joto la friji, napitia tarehe za kuisha muda, kisha nafungua boksi la dharura. Adrenalini ipo, oksijeni imejaa, mfuko wa kupumulishia uko mahali pake. Wateja wakiliona boksi hilo kwenye chumba chenye viti laini na taa za upole, hushangaa. Lakini vitamini B1 ikipita mshipani imewahi, kwa nadra, kumletea mtu mzio mkali wa kumkaba pumzi, na jambo la nadra halipigi hodi.

Kuchanganya ndiyo sehemu ninayoifanya bila kuzungumza na mtu. Kitu unachokimeza kinapita kwenye mate, kwenye asidi ya tumbo, halafu kwenye ukuta wa utumbo unaochagua nini kiingie. Mshipani hakuna walinzi hao. Kijidudu kimoja kilichobaki kwenye kizibo cha chupa kinaingia moja kwa moja kwenye damu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kliniki zinazochanganya dripu za namna hii katika mazingira yasiyo safi. Mimi sikuhitaji tahadhari hiyo kunitisha, wodini nimeona damu iliyoingiwa na vijidudu inavyomfanya mtu kwa siku moja tu.

Saa 2:30 asubuhi

Msafiri wetu amefika. Kabla ya sindano kuna maswali, na hapo ndipo penye kazi yangu hasa. Presha? Amewahi kupata vijiwe vya figo? Ana ujauzito? Yeye au ndugu yake amewahi kugeuka macho ya njano na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa baada ya kutumia dawa fulani?

Swali hilo la mwisho ni la kimeng'enya kinachoitwa G6PD, protini inayolinda chembe nyekundu za damu. Mtu aliyezaliwa na upungufu wake anaweza kuishi miaka yote bila kujua, kisha vitamini C ya kiwango kikubwa mshipani ikamvunjavunja chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana anayetaka kiwango kikubwa hapati kitu kwetu mpaka apimwe damu. Figo nazo zina sababu yake: sehemu ya vitamini C hugeuka oksaleti mwilini, na oksaleti ndiyo mali ghafi ya vijiwe vingi.

Majibu yake ni mazuri. Kisha ananiuliza, "Kwa hiyo nikipata hii sitaugua?"

Namwambia bila kuficha. Chembe nyeupe za damu kweli zinaihitaji vitamini C. Zinaivuta kutoka kwenye damu na kuihifadhi kwa wingi mara kadhaa kuliko ilivyo kwenye damu yenyewe. Mtu aliyepungukiwa nayo, kinga yake inayumba, na akiongezewa anapata nafuu ya kweli. Lakini asiyepungukiwa ni debe lililojaa. Ukimimina zaidi, figo zinamwaga, na ndani ya saa chache nyingi imekwisha kutoka.

"Mbona wanasema ya mshipani ina nguvu kuliko vidonge?"

Wanasema kweli kuhusu damu. Ukimeza miligramu 200, karibu yote inafyonzwa, lakini ukimeza zaidi ya gramu moja, utumbo unachukua chini ya nusu. Dripu inaruka kizuizi hicho na kupandisha kiwango kwenye damu hadi pale ambapo vidonge haviwezi kufika. Tatizo ni kwamba kiwango kupanda kwenye damu ni jambo moja, na mtu kutougua ni jambo jingine. La kwanza limepimwa na kuthibitika. La pili, kwa mtu mzima mwenye afya anayeogopa mafua, halijathibitika.

Ananitazama kidogo, kisha anasema bado anaitaka, kwa sababu amechoka na siku tatu hajalala vizuri. Hiyo ni haki yake, na sababu yake sasa ni ya kweli kuliko ile aliyokuja nayo. Namwekea mililita 250, vitamini B na C kwa kiwango cha kawaida na magnesiamu kidogo. Kwa saa moja ni kama matone 83 kwa dakika. Sikazi mwendo, maana magnesiamu ikikimbizwa mwili unawaka joto na presha inashuka. Analala hata kabla dripu haijafika nusu.

Saa 4:15 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Anaitikia huku akitafuta pumzi.

Kaletwa na binti yake. "Baba hana nguvu kabisa, Sista. Ngazi zinamshinda. Tunaomba umpe dripu ya kumpandisha kinga na nguvu."

Nachuchumaa, namvua soksi, nabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo linabaki. Namuuliza analala na mito mingapi. Mitatu, anasema, akilala chali anahisi kama anazama. Sihitaji kuendelea. Moyo unaoshindwa kusukuma maji yaliyopo haupaswi kuongezewa mengine, na maji ya chumvi ninayotundika hapa yangeweza kumjaa mapafuni akiwa kwenye kiti changu. Vitamini zenyewe zisingekuwa na kosa. Kosa lingekuwa la maji yanayozibeba, na watu wengi hawalifikirii hilo kwa sababu maji yanaonekana hayana madhara.

Daktari wetu anakuja, anamsikiliza kifua, anaandika barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa moyo leo hii. Binti amekasirika. "Tumetoka mbali, na mnatuambia hamuwezi hata dripu moja?" Namwelewa. Alikuja na tumaini, na mimi nimempa bahasha. Namsindikiza mzee mpaka kwenye gari taratibu, tukisimama kila hatua chache.

Saa 6:00 mchana

Mkimbiaji wa mbio ndefu, wiki mbili kabla ya mashindano. Huyu amesoma. Ananiambia kuna utafiti unaoonyesha vitamini C inapunguza mafua kwa nusu kwa wakimbiaji. Namwambia yuko sahihi, na nafurahi kukutana na mtu aliyesoma. Ni mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba. Kwa watu wa kawaida, kutumia vitamini C kila siku hakukupunguza idadi ya waliopata mafua. Kulifupisha ugonjwa tu, kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Ila katika majaribio matano ya wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na askari waliofanya mazoezi kwenye baridi kali, watu 598 kwa jumla, hatari ya kupata mafua ilishuka kwa nusu.

Lakini vilikuwa vidonge, vikimezwa kila siku. Haikuwa dripu moja ya kukaribia mashindano. Na walioanza kutumia baada ya mafua kuwashika hawakupata nafuu ya kutegemewa. Nikamwambia akanunue vidonge, akaondoka ameridhika. Mwenye kliniki hajawahi kunigombeza kwa mambo haya, namshukuru.

Saa 7:20 mchana

Chakula cha haraka. Simu ya mama mwenye kisukari aliyewahi kupewa vitamini C ya kiwango kikubwa kwingine. Jioni ile kipimo chake cha nyumbani kilimwonyesha sukari iko juu sana, akajidunga insulini, akaanguka. Baadhi ya mashine hizo ndogo hushindwa kutofautisha vitamini C nyingi na sukari, hivyo zinatoa namba ya uongo. Hakuna aliyemwonya. Leo anauliza kama anaweza kuja kwetu. Namwambia aongee kwanza na daktari wake, na kwamba kwetu kiwango kikubwa hatapewa.

Saa 8:30 mchana

Mjamzito wa wiki kumi, ametumwa na daktari wake. Ametapika kwa wiki mbili, hata maji hayakai. Midomo imekauka, macho yameingia ndani.

Huyu sina la kumshawishi wala kumpunguzia matarajio. Dripu ni yake. Agizo linasema vitamini B1 kwanza, kabla ya maji yoyote yenye sukari, na nalifuata kama lilivyo, maana mwili uliokwisha B1 ukipewa sukari ghafla unaweza kumaliza ile kidogo iliyobaki na ubongo ukaumia. Namtafutia mshipa kwa shida, mishipa imelala. Baada ya lita ya kwanza anafumbua macho na kuniuliza jina langu.

Siku nyingine nikichoka kubishana kuhusu kinga, nawakumbuka watu kama huyu. Vitamini ya mshipani ni dawa yenye heshima zake: kwa anayetapika kila kitu, kwa ambaye utumbo wake haufyonzi, kwa mlevi aliyeishiwa B1. Inanisikitisha inapouzwa kama manukato.

Saa 9:50 alasiri

Kijana, homa siku tatu, kikohozi, kifua kinachoma akivuta pumzi. Amekuja kutaka "ile dripu ya kupigana na virusi". Nampima: pumzi 26 kwa dakika, kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 91, chini ya kawaida. Namkalisha kwenye oksijeni na kumwita daktari, na gari la kumpeleka hospitali linaagizwa.

Sikuwa hivi zamani. Mwaka wangu wa kwanza hapa alikuja mama mmoja, mwalimu, na kikohozi cha siku nne. Nilimwekea dripu, nikamwambia kwa mdomo wangu, "Hii itakuinua." Na kweli aliinuka. Maji nusu lita na saa nzima ya kulala humwinua karibu kila mtu. Akaenda nyumbani akangoja vitamini zifanye kazi. Akangoja siku tatu. Ya nne alilazwa na nimonia. Alipona, akaja kunisalimia, wala hakunilaumu. Hilo la kutonilaumu ndilo lililoniuma, kwa sababu yeye aliamini amepewa kitu, na mimi nilijua nimempa maji, vitamini na neno nisilokuwa na haki nalo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Jaribio lililonituliza, kama naweza kusema hivyo, ni LOVIT la mwaka 2022. Wagonjwa 872 walio mahututi kwa sepsisi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili uharibu viungo vyake wenyewe, nusu wakapewa vitamini C nyingi mshipani kila baada ya saa sita, nusu dripu isiyo na dawa. Waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi baada ya siku 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopata vitamini, na 38.5 kwa wasioipata. Wagonjwa wale hawafanani na wateja wangu, najua. Ila kabla ya hapo nilidhani kiasi kikubwa kisipofaa, basi hakitadhuru.

Saa 11:30 jioni

Kikao kifupi kuhusu bango jipya. Mchora matangazo ameandika: "Dripu moja, kinga imara." Nasema hapana. Namkumbusha kwamba mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimchukulia hatua muuzaji wa dripu za vitamini aliyedai bila ushahidi kwamba zinatibu hata saratani, kisukari na moyo kushindwa kazi. Nikisema moyo, namwona mzee wa asubuhi na mito yake mitatu. Tunakubaliana liandikwe: "Dripu za vitamini kwa ushauri wa daktari." Mchoraji anaona limepoa. Na libaki hivyo.

Saa 1:45 usiku

Nimekwisha vua viatu. Ujumbe wa msafiri: "Sista, mkojo umekuwa wa njano kali, inang'aa! Nimeharibika figo?"

Namjibu: ni riboflavini, vitamini B2. Mwili umechukua ulichohitaji, ziada inatoka. Kesho rangi itarudi.

"Sawa. Basi nikirudi safari nije tena, ya kuongeza kinga?"

Namuuliza kama amewahi kuchanjwa dhidi ya influenza, yale mafua makali. Hajawahi. Namwambia kwa safari hii tumechelewa, chanjo inahitaji kama wiki mbili ili mwili ujenge kinga yake, ila akirudi aje nimpeleke kwa mwenzangu anayechanja, mlango wa pili kulia kutoka kwangu. Anauliza siku gani. Namwandikia Jumanne, saa 3:00 asubuhi.