Rufiji, 1917: kumbukumbu ya hadithi ya Askari na Mpagazi

Wiki ya kwanza

Nimeanza kuandika hadithi ndefu juu ya urafiki wa watu wawili walioletwa Rufiji na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vita visivyowahusu. Mmoja ni askari Mhausa wa Brigedi ya Nigeria, iliyofika Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1916, na wa pili ni mpagazi wa Kikamba aliyechukuliwa na jeshi hilohilo la Waingereza kubeba mizigo. Majina nitawapa nitakapowafahamu vizuri; kwa sasa ni Askari na Mpagazi.

Wiki ya tatu

Kurasa 22 zimetupwa. Nilikuwa nimewaweka katika delta, ndani ya mikoko, kwa kuwa nilivutiwa na manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha huko baada ya kuishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikakaa hadi ilipoangamia tarehe 11 Julai 1915. Nilitumia aya nzima kutofautisha mkoko, mkandaa, mchu na mlilana, nikajiona hodari. Hata hivyo Wanigeria walipofika, manowari hiyo ilikuwa imekwisha lala matopeni kwa zaidi ya mwaka, na mapigano yao yalikuwa juu zaidi mtoni, kwenye nchi ya mivumo na mikoche, viboko na mamba. Nimehamishia hadithi huko. Mizinga ya Königsberg peke yake ndiyo iliyonusurika kwenye kisu changu, kwa sababu Wajerumani waliiopoa na kuiburura nchi kavu, kwa hiyo Mpagazi anaweza kuisikia ikinguruma kwa mbali.

Msomaji wangu wa kwanza alitaka nimwingize Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Nimekataa. Mwindaji mashuhuri akiingia katika hadithi ya namna hii, wengine wote hugeuka wabeba bunduki wake.

Wiki ya sita

Swali lililonikwamisha lilikuwa hili: ni nini kingewaweka pamoja askari na mpagazi, ilhali jeshi liliwatenganisha kwa posho, kwa mahali pa kulala na hata kwa namna ya kuzikwa? Jibu limetoka kwa mto wenyewe. Mvua za mwanzoni mwa mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno, Rufiji ikafurika, njia za kuleta chakula zikakatika, na posho ikapunguzwa hadi watu wakachimba mizizi porini. Nimemweka Askari, ambaye mguu wake una jeraha, alinde stoo ndogo ya nafaka juu ya kichuguu kikubwa, kisha nikayaacha maji yaizunguke. Mpagazi anafika akiwa na mzigo wa mwisho, na hawezi tena kurudi. Wenzake wa kundi lake wamekwisha kufa au wamerudishwa nyuma wakiharisha damu.

Hapo nililazimika kusoma sana juu ya chakula. Wapagazi wengi walipewa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea, wakaupika haraka kwa kuni mbichi baada ya kutembea kutwa nzima, ukawaumiza. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza yanazidi 90,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Sikutaka kuiandika idadi hiyo ndani ya hadithi. Nimeandika badala yake sufuria moja, na jinsi Mpagazi anavyomzuia Askari kuuepua uji mpaka uive kabisa, bila kuwa na lugha ya kumweleza sababu.

Wiki ya tisa

Lugha ndiyo iliyonipa furaha kubwa katika kazi hii. Mpagazi anakijua Kiswahili cha misafara, Askari hakijui kabisa, na mwanzoni niliwafanya wazungumze kwa ishara, jambo lililowafanya waonekane mabubu wa maigizo. Kisha nikaorodhesha maneno ya Kihausa yaliyotoka Kiarabu na kuyaweka kando ya yetu. Labari ni habari. Lokaci ni wakati. Lafiya ni afya, na duniya haihitaji hata kufasiriwa. Watu wawili waliotoka ncha mbili za bara wanaweza kuulizana hali ya dunia, lakini hawawezi kuombana maji, kwani maji kwa Kihausa ni ruwa, ambalo pia ni jina la mvua, na njaa ni yunwa. Yaani neno la kitu kilichowazingira pande zote, na neno la kitu kilichokuwa kikiwaua, ndiyo hasa waliyopaswa kufundishana upya.

Siku za juma zimenipa zaidi. Wanakutana katika mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, ambazo kwa Kihausa ni Alhamis na Juma'a. Nyingine tano kila mmoja anazihesabu peke yake. Nimezijenga sura zote za katikati juu ya jambo hilo: siku hizo mbili wanazungumza, siku nyingine wanafanya kazi kimya. Sura ya tano nimeiandika mara nne kwa ajili hiyo, na sijutii.

Wiki ya kumi na mbili

Nimeliondoa kumbatio la sura ya nane. Lilikuwa langu, si lao. Nimeondoa pia kipande kirefu kuhusu Kariakoo na asili ya jina lake (Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi), pamoja na ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 jijini Dar es Salaam, ambayo juu ina mwanajeshi mmoja mwenye singe, na wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini. Nilikipenda, lakini kiliwatoa msomaji na wahusika wangu kwenye kichuguu kabla ya wakati.

Maji sasa yanapungua. Mpagazi huyapima kila asubuhi kwa kijiti alichokikata alama, na Askari humwekea hesabu kwa punje za mahindi ambazo hakuna anayethubutu kuzila. Amri ya kuondoka imewafikia kwa mtumbwi siku ya Jumanne, ambayo Askari huiita Talata. Zimebaki kurasa tatu.