Tupa Ilipita Kwanza

Mjomba wangu alikuwa sonara Unguja, na kazi niliyopewa dukani kwake nikiwa na miaka tisa ilikuwa kuvukuta moto. Alasiri nikitoka chuoni nilikaa kwenye kibao karibu na jiko lake, nikitazama riale za zamani zikiyeyushwa moja moja. Wateja walizileta wenyewe, zimefungwa kwenye pindo la kanga: riale za Maria Theresa walizoachiwa na bibi zao, nzito, zimelika kwa kushikwa. Mjomba alizisugua kwenye jiwe lake jeusi, akazipima, akaandika daftarini, kisha akazitia motoni. Sura ya yule malkia ilianza kulegea shingoni. Mara ikawa maji. Siku ya pili yake ni bangili.

Wakati ule sikuona ajabu wala huruma. Nalieleza hili kwanza kwa sababu bila hilo haitaeleweka kwa nini Ijumaa moja ya Novemba 2016, baada ya zamu ya usiku hospitalini, sikwenda kulala, bali niliendesha gari hadi Baltimore kwenda kuangalia kipande kimoja cha fedha.

Sarafu za mwanzo za Marekani nilianza kuzifuatilia kwa ajili ya Seyyid Said. Nilikuwa nimeishi Maryland miaka mingi nilipokuja kusoma kwamba mwaka 1834 serikali ya Rais Andrew Jackson iliagiza kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kitengeneze seti za zawadi kwa watawala wa nchi za mbali, na seti moja ilikuwa ya Sultani wa Muscat. Huyo ndiye Seyyid Said bin Sultan wetu, aliyehamishia makao yake Unguja. Seti ilitakiwa iwe na sarafu za kila aina, lakini dola ya fedha na dola kumi ya dhahabu zilikuwa zimeachwa kugongwa tangu 1804. Basi mafundi wakazigonga upya na kuzitia mwaka wa 1804, miaka 30 baada ya mwaka wenyewe kupita. Mjumbe Edmund Roberts akaipeleka zawadi Muscat mwaka 1835. Dola za fedha zenye mwaka huo zinazojulikana leo ni chache sana duniani, na ile inayoaminika kuwa ilikuwa ya Seyyid Said iliuzwa mnadani New York mwaka 1999 kwa dola 4,140,000.

Wakusanyaji wa Marekani husimulia ile tarehe isiyo ya kweli kama kioja kikubwa. Mimi niliyekulia kwenye riale sikushangaa. Riale zote za Maria Theresa nilizoziona kwa mjomba ziliandikwa 1780, hata zilizogongwa miaka mia na zaidi baada ya malkia mwenyewe kufa. Mwarabu wa pwani na Msomali wa bara walikataa riale yenye mwaka mwingine, kwa hiyo mwaka ukabaki palepale. Kwetu tarehe ilikuwa sehemu ya chapa, kama mabawa ya tai.

Dola milioni nne sina. Nilichotaka ni dola ya kweli ya miaka ile, iliyotoka kiwandani kwenda sokoni, na aliye na kipato changu huangukia 1799. Mwaka huo Philadelphia iligonga dola 423,515, nyingi kuliko mwaka wowote wa dola za mwanzo, na zilizosalia zinapatikana kwenye minada kila msimu. Hata hivyo niliweka akiba miezi kumi na minne. Nilikuwa nimeshaungua mara moja: miaka miwili nyuma muuzaji mmoja aliniuzia nusu dola ya 1827 iking'aa kama sahani ya harusi, akiniapia kwamba haijaguswa. Kumbe ilikuwa imesuguliwa kwa dawa. Kuisugua sarafu ya kale ni kuivua ngozi. Mimi, mtoto wa dukani kwa sonara, nilipaswa kuujua mng'aro wa kusugua na mng'aro wa kugongwa. Niliumia kwa hilo kuliko kwa pesa.

Chumba cha kukagulia sarafu kabla ya mnada kilikuwa kimya kama maktaba. Unakaa mbele ya kitambaa cheusi, taa yenye shingo ya kupinda imekuinamia, unataja namba unazotaka, na mhudumu anakuletea sanduku refu na kusimama hapo hapo. Wakaguzi tulikuwa kama ishirini, kila mmoja na lenzi yake jichoni, hakuna anayemsemesha mwenziwe. Karibu nami alikaa mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kipajini.

Kabla ya kuomba dola yangu niliomba kuangalia dhahabu ambayo sikuwa na uwezo nayo: dola tano ya 1806. Sikuona aibu. Siku ya ukaguzi ndiyo siku pekee ambayo asiyekuwa nacho hushika sawa na mwenye nacho. Ilikuwa ndogo, gramu 8 na robo tatu, dhahabu ya karati 22, rangi ya ufuta uliokaangwa. Upande mmoja mwanamke aliyevaa kofia, upande wa pili tai mwenye ngao kifuani. Thamani yake haikuandikwa popote. Wenye biashara wa wakati ule waliipima, hawakuisoma.

Nikakumbuka moto wa mjomba. Dhahabu ya namna hii imekuwa adimu kwa sababu ya watu wa kazi yake. Sheria ya 1792 iliyoanzisha kiwanda cha Philadelphia ilisema ratili moja ya dhahabu ni sawa na ratili 15 za fedha. Ulaya walitoa zaidi ya hapo. Basi mfanyabiashara aliyepata dola tano za dhahabu alizipakia melini, zikauzwa ng'ambo kwa uzito na kuyeyushwa. Mwaka 1834 Bunge la Marekani likapunguza dhahabu katika sarafu mpya, na tangu hapo ile ya zamani ikawa na dhahabu ya dola 5 na senti 33 ndani yake. Nani angeiweka? Zilipelekwa motoni kwa mifuko. Ile niliyokuwa nimeishika kwa ncha za vidole mtu aliisahau mahali, au aliipenda. Nilimrudishia mhudumu nikamshukuru.

Kisha ikaja dola yangu. Ilikuwa ndani ya kifuko kigumu cha plastiki cha kampuni ya kupanga madaraja ya ubora wa sarafu, na kwenye karatasi yake kampuni ilikuwa imeandika kwamba sarafu imekwaruzwa, kwa hiyo haikupewa daraja kamili. Ndiyo maana ilikuwa na bei ya kunifaa. Niliigeuza chini ya taa. Fedha ilikuwa na rangi ya wingu la kusi, haikuwahi kusuguliwa. Katikati ya uso wa Uhuru, yule mwanamke anayewakilisha uhuru kwenye sarafu hizo, kwenye nywele zake juu ya sikio, ilipita mistari saba au minane, sambamba, myembamba, kama iliyochorwa kwa kitana.

Yule mzee wa miwani miwili alichungulia. "Hiyo iache," aliniambia. "Imekwaruzwa vibaya."

Nilimshukuru. Lakini mistari ile ilinisumbua, kwa sababu mtu anayekwaruza sarafu kwa bahati mbaya hakwaruzi mara saba kwa mpangilio. Niliomba ruhusa ya kupiga picha, nikapewa. Baltimore ilikuwa saa tano asubuhi, kwa hiyo Unguja saa moja ya usiku, mjomba keshatoka kuswali magharibi. Nikamtumia picha tatu kwa simu, nikatoka kwenye ujia kumpigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hulali wewe?"

"Picha umeziona?"

"Nimeziona. Nimemwita mjukuu anikuzie." Nilisikia televisheni ikizimwa upande wa pili. "Fedha nzuri hiyo. Imezidi riale."

"Wanasema imekwaruzwa."

Alinyamaza muda. Nilimwona kabisa kwa macho ya moyo, kidole kwenye kioo cha simu kama alivyokuwa akigusa pete ya mteja.

"Mkwaruzo una midomo," alisema. "Ukikata fedha kwa kitu chenye ncha, fedha inapanda huku na huku, inafanya kingo mbili. Hii haina midomo. Tena angalia hapa penye nywele na pale palipo tambarare. Mistari inakwenda, ikifika patambarare inafifia, imekandamizwa. Hiyo ni tupa, mwanangu. Mtu aliipiga tupa kwanza, muhuri ukaja baadaye. Muhuri ukalala juu ya tupa, ukashindwa kuifuta yote."

Nilikuwa nimesoma habari za alama hizo, na wakusanyaji wana jina lake, lakini sikuwahi kuzitenganisha na mikwaruzo kwa macho yangu mwenyewe. Philadelphia walizikata zile sahani za fedha zikiwa nzito kidogo kwa makusudi, kisha kila moja ikapimwa kwenye mizani ya mkono. Iliyopungua ilirudishwa kuyeyushwa. Iliyozidi ilipigwa tupa mpaka ikakaa sawa, ndipo ikapelekwa kwenye mashine ya kugongea. Kazi hiyo ya mizani na tupa walifanya wanawake pia: tangu 1795 kiwanda kiliwaajiri Sarah Waldrake na Rachael Summers, na wanahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kulipwa mshahara na serikali ya Marekani. Nilisimama ujiani na simu sikioni nikiwafikiria hao. Mimi pia kazi yangu ni mizani, mizani ya maabara, na najua mkono unavyochoka saa ya nane ya zamu.

"Waliipiga tupa kwa nini?" mjomba aliuliza.

"Ilizidi uzito."

"Ah!" Alicheka kwa furaha, kama aliyesikia habari ya jamaa. "Basi waliofanya kazi hiyo walikuwa waaminifu. Inunue."

Mnada ulianza saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimepiga hesabu: ada ya mnunuzi ni asilimia 17 na nusu juu ya bei ya nyundo, yaani bei anayofungia dalali, mkononi nina dola 2,000, kwa hiyo mwisho wangu ni 1,700. Niliandika 1,700 kwa kalamu nyekundu kwenye kiganja, nisije nikajidanganya.

Anayetazama minada kwenye filamu hufikiri watu hupiga kelele. Ukumbini tulikuwa watu wachache, wengi wakinunua kupitia intaneti, na dalali alisoma namba kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya wanafunzi. Sarafu moja haimalizi dakika. Ile dola tano ya dhahabu ilipita bei ya gari langu kabla sijakunjua miguu.

Namba yangu ilipotajwa, bei ilianzia 1,100. Nikainua kibao. Intaneti ikajibu 1,200. Nikainua. Mtu wa nyuma yangu akaingia kwa 1,400, nikageuka, sikumwona. Kufika 1,500 yule wa nyuma akanyamaza na intaneti ikaendelea, 1,600, na hapo niliujua moyo wangu unavyodunda masikioni. Nikainua kwa 1,700.

Dalali aliangalia kompyuta. Akaangalia tena. Palikuwa na kimya ambacho sijui kilikuwa sekunde ngapi. Nilikuwa natazama kiganja changu. Kama intaneti ingesema 1,800, ningekaa. Nilikuwa nimejiapia hivyo, na naamini ningekaa.

Nyundo ikagonga. Dola 1,997 na senti 50, ada ikiwamo. Yule mzee wa miwani miwili, safu mbili mbele, aligeuka akanitikisia kichwa kwa masikitiko.

Agosti iliyofuata nilikwenda nyumbani. Kabla ya safari niliikata ile plastiki kwa msumeno mdogo, jambo ambalo wenzangu wengi wa kukusanya hawangelifanya, kwa sababu karatasi ya kampuni inapotea na bei inashuka. Karatasi ile ilikuwa imekosea, na mimi sikuwa na nia ya kuuza. Mara ya kwanza niliweza kusoma maandishi ya ukingoni, yaliyofichwa na plastiki, yaliyozunguka sarafu nzima: senti mia, dola moja au kipimo kimoja.

Mjomba alikuwa ameacha kazi, mikono inatetemeka, ila mizani yake bado ilikuwa kabatini. Aliiweka juu ya mkeka, akafuta sahani zake kwa pamba. Akaipima dola ya 1799 kwa vijiwe vyake vya tola.

"Tola mbili na robo, na chembe," alisema. Akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza. Akapitisha kidole gumba juu ya nywele za yule mwanamke, polepole, mpaka akaipata mistari ya tupa, na hapo kidole kikasimama.

"Hii ingetoka bangili pea moja ya mtoto," akasema.

Aliikamata mpaka adhana ya magharibi. Kisha akavuta kutoka kabatini karatasi ya waridi, zile karatasi laini alizokuwa akifungia vito vya wateja, akaifunga dola mikunjo minne kama alivyofunga siku zote, na kunirudishia kwa mkono wa kulia.