Harufu ya moshi ndani ya gari: tafuta matundu mawili, sio moja

Mtoto wangu mdogo alikuwa akipanda gari tu analala. Nikadhani ni raha ya kiti cha nyuma, si unajua watoto, afu akiamka anasema kichwa kinauma anataka kutapika, tukasema basi huyu safari haziwezi. Mimi huku mbele nilikuwa nasikia kaharufu ka moshi tukiwa kwenye foleni na kila siku nalaumu lori lililo mbele yangu. Siku moja nimesimama hamna gari mbele wala nyuma na harufu ipo vilevile. Hapo ndo nilishtuka.

Jamani, kinachoua kwenye ule moshi hakinuki. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, ikifika kwenye damu inang'ang'ania himoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani mtu anakosa hewa huku anapumua vizuri kabisa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, na kila moja ni rahisi kuitafutia sababu nyingine, kama sisi tulivyofanya. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyotoka kwenye injini pamoja nayo, kwa hiyo usiifunike na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, hiyo ndo kengele yako ya pekee.

Fundi wa kwanza alilala chini ya gari akakuta bomba la nyuma limetoboka, akachomelea, nikaondoka nimefurahi. Kesho yake harufu ileile. Tundu lilikuwepo kweli, ila hakuniuliza swali muhimu kuliko yote: unaisikia wakati gani?

Maana jibu linakupeleka kwenye sehemu mbili tofauti kabisa. Kama inakuja gari ikiwa imesimama inaunguruma na feni ya hewa ya ndani ipo on, anza kushuku huko kwenye boneti, kwa sababu gari nyingi zinavuta hewa ya ndani pale chini ya kioo cha mbele, karibu na wipa zinapolala. Bonyeza ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani, harufu ikipungua ujue ilikuwa inapitia huko. (Usiendeshe hivyo ukadhani umepona, moshi ulioshaingia unabaki humohumo.) Kama inakuja ukiwa kwenye mwendo, hasa vioo vikiwa wazi, angalia nyuma. Gari ikitembea hewa ya nyuma yake inajizungusha na kurudi, moshi wa ekzosi unanyonywa kupitia raba ya buti iliyochoka, na hapo ekzosi inaweza kuwa nzima kabisa. Ndo maana kutembea na buti wazi umebeba mzigo mrefu ni hatari.

Na hakikisha ni moshi kweli. Oili inayodondokea ekzosi ya moto inanuka kuungua, maji ya rejeta yana harufu tamutamu, yai bovu mara nyingi ni mambo ya katalisti (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) au mafuta.

Yangu ilikuwa mbele. Asubuhi injini ikiwa ya baridi ilikuwa inapiga tik tik tik, baada ya dakika 5 kimya. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba ufa, sauti inapotea, ukifika kwa fundi gari ya moto hasikii kitu! Kwa hiyo nikaiacha kwake ilale. Asubuhi akatoa kava la juu la manifoldi (lile bomba la chuma linalopokea moshi ukitoka kwenye injini) na tukaona wote, pale inapokutana na injini kuna mstari mweusi wa masizi umechora kama wanja, na juu yake stadi moja (ile skrubu inayoishikilia kwenye injini) imekatika. Akapulizia maji ya sabuni kwenye zile jointi za mbele, akawasha, povu likachemka palepale kabla chuma hakijapata moto. Njia nyingine ni mwenzako kuziba mdomo wa ekzosi sekunde chache kwa tambara nene, amevaa glavu, na wewe unasikiliza inapopiga ssss. Fanyieni nje, sio ndani ya gereji iliyofungwa.

Alichimba stadi iliyokatika, akapima uso wa manifoldi kama haujapinda, gasketi mpya, nati mpya, akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Silikoni hapana, kwenye manifoldi ule moto utaimaliza.

Ila moshi ulitoka vipi kwenye injini ukafika kwa mtoto? Hili ndo tundu la pili na wengi hawalitafuti. Ile raba ndefu ya ukingo wa nyuma wa boneti haikuwepo, na kizibo kimoja cha raba kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na ndani ya gari, waya zinapopita, kilikuwa kimechomoka. Usiku nikazima injini nikajikunja ndani ya buti, mke wangu akazungusha tochi kwa nje, nikaona kamstari ka mwanga chini ya taa ya kushoto. Raba yake ilikuwa imekauka kabisa. Milango nilipima kwa karatasi, unaifungia mlangoni unavuta, ikitoka kirahisi raba imelala.

Na kama uko njiani, harufu ipo na kichwa kinauma, simama, zima, tokeni wote nje. Hospitali waambie mlikuwa kwenye gari lenye moshi, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati haiko, inabidi wapime damu.

Nilinunua kipimo kidogo cha kaboni monoksaidi, kinakaa kiti cha nyuma. Nimekaa nacho foleni dakika 40 feni ikiwa on, kinasoma 0. Mtoto safari nzima alikuwa macho anahesabu pikipiki.