Kikundi cha kutembea kina kazi siku ambayo hukutembea

Mtu anayeishi na kisukari, ugonjwa wa moyo, mapafu yaliyodhoofu au viungo vinavyouma hahitaji kuambiwa tena kwamba kutembea kuna faida. Ameshaambiwa kliniki, ameambiwa na ndugu, amesikia redioni. Anachokosa ni njia ya kurudi: baada ya siku kumi za kikohozi, baada ya dawa kubadilishwa, baada ya goti kuvimba. Wengi huachia hapo. Hakuna siku wanayoamua kuacha. Wanasema kesho, na kesho inazaa kesho nyingine mpaka viatu vinashika vumbi.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 324 waliokuwa hawafanyi mazoezi, wenye uzito uliozidi, kisukari cha aina ya pili au ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wote walipewa kifaa cha kuhesabu hatua na mpango wa wiki 16 kupitia intaneti. Baadhi waliongezewa mahali pa kuandikiana wao kwa wao. Hatua ziliongezeka pande zote mbili, na hazikupishana kwa kiasi cha maana. Tofauti ilionekana kwingine: kati ya waliokuwa na wenzao wa kuandikiana, asilimia 79 walifika mwisho wa mpango, kati ya wasiokuwa nao, asilimia 66.

Naliweka hili mbele kwa sababu vikundi vingi kwenye simu vimejengwa kinyume chake. Vinashindanisha watu kwa hatua, kana kwamba kazi ya wenzako ni kukusukuma utembee mbali. Kazi yao ni kukushika usiachie. Ukilikubali hilo, utabadilisha ukubwa wa kikundi, mnachoripoti, na mnachofanya mmoja akinyamaza.

Anza na namba yako mwenyewe

Tembea kama kawaida yako kwa siku 7, bila kujitutumua, na kila usiku andika dakika au hatua. Jumlisha, gawanya kwa 7. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia, hata ikiwa ni dakika 6.

Kabla ya kuamini simu kuhesabu hatua, ijaribu. Iweke mfukoni au kwenye mkoba utakaoubeba kila siku, hesabu hatua 100 kwa kinywa, kisha tazama imeandika ngapi. Ikiwa kati ya 95 na 105, inatosha. Anayetembea polepole sana au kwa kuburuta miguu hupunjwa na vifaa vingi, maana kinachohesabiwa ni mtikisiko, na mtikisiko wake ni mdogo. Anayesukuma fremu ya kutembelea huku amevaa saa ya mkononi hupunjwa zaidi, kwa kuwa mkono umetulia. Ndiyo maana napendelea dakika kwa karibu kila mgonjwa: saa ya ukutani haimpunji mtu.

Na ile namba ya hatua 10,000 inayowatia watu unyonge? Imetokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, hata kwa watu wazima wenye magonjwa sugu, lakini unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa. Lile sharti la zamani kwamba kila mwendo ufike dakika 10 liliondolewa. Dakika 4 asubuhi, 4 mchana na 4 jioni ni dakika 12 halali.

Ongeza kidogo: asilimia 10 kwa wiki ni kiasi kinachovumilika kwa wengi, na kila wiki ya nne usiongeze chochote. Kasi ipime kwa mdomo: uweze kusema sentensi nzima, usiweze kuimba. Wanaotumia dawa za jamii ya beta-bloka, kama atenolol au bisoprolol, wasitegemee mapigo ya moyo wanayoonyeshwa na saa, kwa kuwa dawa yenyewe huyazuia yasipande.

Kadi ya kila mwanakikundi

Siku ya kwanza, kabla ya salamu kuwa nyingi, kila mmoja aandike kadi ya mistari minne, nayo ibandikwe juu ya kikundi au iwekwe mahali pa kuipata upesi: ninaishi na nini, namba yangu ya kuanzia, dalili zinazonisimamisha, na nani apigiwe nikizidiwa. Mstari wa tatu ndio wenye uzito, na unatoka kwa daktari au muuguzi wako, hautungwi na kikundi. Sababu ni hii: neno moja la kutia moyo, "vumilia kidogo", ni dawa kwa mmoja na ni hatari kwa mwingine.

Mwenye mishipa ya miguu iliyoziba ndiye anayehitaji kulisikia. Matibabu yake kwa kawaida ni kutembea mpaka misuli ya mguu iume kwa kiasi cha kati, kusimama mpaka maumivu yaishe, kisha kwenda tena, kwa dakika 30 hadi 60, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo akisikia kifua kinabana haambiwi avumilie. Anasimama pale pale, na anapata msaada wa haraka ikiwa hakiachii. Moyo uliodhoofu una alama nyingine iliyo kimya: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au vifundo vikivimba, anapigiwa daktari kabla ya viatu kuvaliwa. Mwenye baridi yabisi ana kipimo chepesi: ikiwa saa mbili baada ya kutembea kiungo kinauma kuliko kilivyouma kabla ya kutoka, kesho apunguze.

Kisukari kinataka maneno mengi zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide na gliclazide, apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5.0 mmol/L (90 mg/dL), ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga. Ikiwa chini ya 3.9 (70 mg/dL), asitoke. Anywe au ale gramu 15 za sukari inayoingia haraka, apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa juu ya 13.9 (250 mg/dL) na mwili haujisikii vizuri au kuna ketoni (tindikali ambayo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) kwenye mkojo, apumzike na aulize kliniki. Sukari yaweza kushuka hata saa 24 baada ya mwendo mrefu, kwa hiyo ripoti ya asubuhi ya pili ina maana kwake. Miguu nayo: aingize mkono ndani ya kiatu atafute kokoto kabla ya kuvaa, na akirudi atazame nyayo na katikati ya vidole. Mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kwamba kuna kidonda.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu avute pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza mshumaa bila kuuzima, kwa muda mara mbili ya ule wa kuvuta. Kupumzika njiani kwake ni sehemu ya mwendo.

Kuna wagonjwa ambao kikundi cha aina hii hakiwafai kabisa. Mwenye ugonjwa wa uchovu sugu, unaofupishwa ME/CFS, huweza kuangushwa kitandani siku moja au mbili baada ya juhudi ndogo, na mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mpango wa kuongeza mazoezi kwa viwango kwa watu hao. Wao wanahitaji wenzao wanaojua kupanga nguvu, wala si watu wa kuwahimiza waongeze.

Namna ya kukiendesha

Watu 6 hadi 12. Chini ya hapo, wawili wakiugua kwa pamoja kikundi kinazimika. Juu ya 20, mtu anaweza kutoweka mwezi mzima bila yeyote kutambua, na kutambuliwa ndiyo faida yote mnayoitafuta. Wasilazimike kuwa na ugonjwa mmoja, lakini namba zao za kuanzia zisipishane sana. Wa dakika 5 akikaa na wa dakika 60, mmoja wao ataona aibu na ataondoka kimyakimya.

Ripoti iwe fupi kiasi kwamba aliyechoka ataweza kuiandika: dakika, hali ya mwili kwa alama 0 hadi 10 (10 ni nzuri kabisa), na neno moja. "8, 4, goti." Basi. Aliyepumzika naye anaripoti: "0, 2, homa." Sifuri iliyoandikwa ihesabiwe sawa na dakika 30, maana aliyeiandika bado yumo. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibika. Sifuri ikianza kujibiwa kwa mahubiri, au kwa picha za watu wanaokimbia milimani, mwenyewe hataandika tena. Atangoja mpaka apate namba nzuri ya kuonyesha, na namba nzuri haitakuja. Jibu linalofaa kwa sifuri ni "tumekuona, pole" au swali dogo la kujibika: umelala vipi, goti lipi, una maji ya kutosha.

Wekeni zamu ya wiki. Mwenye zamu anafanya mambo mawili tu: anaandika "ripoti" kila siku saa ile ile, na anafuatilia walionyamaza. Siku ya kwanza ya ukimya, aache. Siku ya tatu amwandikie faragha, siyo mbele ya wote: "Hatujakusikia tangu juzi. Huna haja ya kueleza, nitumie tu namba 0 hadi 10." Siku ya tano apige simu, au ampigie yule aliyetajwa kwenye kadi. Msiache kazi hii kwa muasisi peke yake. Muasisi naye ni mgonjwa, na siku atakapolazwa kikundi kitakufa pamoja na zamu zake.

Sauti ya mwenzako ina nguvu yake. Wawili wanaoweza kutoka kwa wakati mmoja wapigiane simu wakiwa njiani, kila mmoja mtaani kwake, na kipimo cha kuongea bila kuhema kinajifanya chenyewe. Wanaotembea kando ya magari waache sikio moja wazi.

Ubao wa washindi uondoeni. Anayeongoza hujikaza siku ya maumivu ili asishuke, na wa mwisho hujifunza kwamba yeye ni wa mwisho. Mkitaka kitu cha kushangilia pamoja, jumlisheni dakika za wote kwa wiki.

Msimamizi afute, bila majadiliano, aina tatu za ujumbe: dawa ya mitishamba inayodaiwa kuponya, ushauri wa kuacha au kubadilisha dozi, na kitu chochote kinachouzwa. Mwanakikundi akiuliza "mimi nikipunguza insulini kabla ya kutembea?", jibu ni moja: muulize anayekuandikia, leo, kisha utuambie alichosema. Kipengele cha mwisho kinasaidia kweli, kwa kuwa watu hupiga simu kliniki wakijua kuna anayengoja jibu. Na kwa kuwa kadi zina habari za afya za watu, yasitolewe maandishi nje ya kikundi, wala picha za skrini, hata kwa nia njema.

Kurudi baada ya pengo

Wiki moja nje kwa sababu ya safari, mvua au uvivu: rudi na nusu ya dakika ulizoishia, kwa siku tatu, kisha panda. Wiki mbili au zaidi, au umelazwa, au dawa ya moyo, ya sukari au ya presha imebadilishwa: uliza kliniki kwanza, halafu anza upya na namba yako ya kuanzia, hata kama ilikuwa dakika 6. Kosa la kawaida ni kutaka kulipa deni la siku zilizopotea. Mtu anaachia wiki mbili, anarudi kwa dakika 40 siku ya kwanza ili wenzake wamwone, siku ya pili hainuki, na pengo la pili linakuwa refu kuliko la kwanza.

Kwa hiyo kikundi kiwe na utaratibu wa kumpokea anayerudi. Asiulizwe alikuwa wapi. Abadilishe kadi yake kwa namba mpya, na kwa siku saba za mwanzo mwenzake mmoja, wa namba iliyo karibu na yake, atoke saa ile ile kwa dakika zile zile. Siku ya nane wataangalia alama zake za hali ya mwili za wiki nzima. Zikiwa zinapanda, aongeze dakika moja. Zikishuka, abaki alipo, na mwenzake abaki naye.