Siku yangu moja na riwaya niliyoiacha miaka tisa

Saa kumi alfajiri. Alamu inaita, naizima haraka baba Nasri asiamke, naenda jikoni miguu peku. Nabandika chai afu nafungua kauntabuku. Hapa ndo naandikia, kati ya jiko la gesi na ndoo za maji, na nina saa moja na nusu tu kabla nyumba haijaamka.

Riwaya hii niliianza 2014 nikiwa sijaolewa, nikafika sura ya kumi na moja, afu ikaja kazi, ikaja ndoa, wakaja watoto wawili, daftari likalala kwenye begi la nguo za zamani. Ni habari ya binti wa Pangani, Rehema, anayetoroka kwao usiku kuja Dar. Nilivyoisoma tena nikapata kitu kilichoniuma. Kipindi kile nilikuwa upande wa Rehema mwanzo mwisho, na mama yake, Bi Mwanaisha, kwenye sura zote kumi na moja anaongea mara nne tu na zote anakataza. Sa hivi na mimi ni mama, nasoma ile sura mwanamke anaamka anakuta kitanda cha mwanae kitupu, na mimi nilimpa mistari miwili halafu nikamwacha nikaondoka na binti! Yaani niliumia kama nimemkosea mtu kweli. Kwa hiyo sikurudi kumalizia nilipoishia, nimerudi kuandika upya, na safari hii nabaki na mama.

Leo nimekwama. Bi Mwanaisha amesikia Rehema kaonekana Bweni, ng'ambo ya mto, ila ni usiku na pantoni imeshafungwa. Zamani niliandika kwamba alisubiri asubuhi. Mama hasubiri asubuhi bwana. Sasa atavukaje?

Saa kumi na mbili kasoro naamsha watoto, uji, sare, viatu, gari la shule hilo.

Saa moja niko kwenye mwendokasi natoka Kimara, nimesimama kama kawaida. Siandiki humu, nasikiliza. Nilichoandika alfajiri huwa nakisoma kwa sauti nakirekodi kwenye simu, afu naweka earphone mpaka Kivukoni. Sentensi ambayo jikoni ilikuwa tamu, ukifika Magomeni masikio yanaikataa. Kama na wewe unaandika jaribu hii, imenisaidia kuliko kitu chochote.

Saa mbili mpaka saa saba, kazi. Nipo kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nashughulika na nyaraka. Leo ni kontena mbili za vigae, uzito wa kwenye bill of lading, hati ya mzigo ya meli, na wa kwenye packing list, orodha ya vilivyopakiwa, haulingani, tofauti kilo 400, na hapo huwezi kusogea mpaka usahihishe, huku siku za bure za kuweka mzigo bandarini zinakatika na mteja anapiga simu kila nusu saa maana storeji ikianza kuhesabu haina huruma. Kazi hii inataka akili yote, siwezi kuibia ofisini hata aya moja na sitaki. Ila kuna kitu nakikumbuka siku zikiwa ngumu, kwamba Shaaban Robert aliingia idara ya forodha 1926 akakaa humo mpaka 1944, na Pangani kwetu alifanya kazi, karani wa serikali ya mkoloni huku anatunga. Nyaraka za forodha mchana, maneno yake usiku. Basi inawezekana.

Saa saba kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, usiku ule bibi alipozidiwa kule Bweni, na pantoni imefungwa, ulivukaje?"

Kimya kidogo. "Kwa mtumbwi. Yule mzee hela alikataa, ila mtumbwi wenyewe ulikuwa unavuja, akanipa kifuu akaniambia wewe fua maji, mi napiga kafi. Nikafua maji mpaka tunafika, mwanangu. Hata kulia sikupata nafasi."

Niliacha kijiko. Kufua maji, yaani kuyatoa mtumbwini! Hilo neno sijalisikia miaka, Dar hapa ukisema unafua watu wanajua nguo. Na tangu waanze kujenga daraja pale mtoni nimekuwa na haraka moyoni, maana pantoni ikishaondoka na wazee wakaondoka, nani atakwambia usiku ulivukwaje? Nimeandika maneno ya mama vilevile alivyotamka, nyuma ya risiti.

Saa tisa bandarini, kusubiri, kusaini, kusubiri tena. Vigae vimetoka saa kumi na moja kasoro, hata kama ni jasho nimefurahi.

Saa moja usiku nyumbani. Homework, ugali, dagaa, kuogesha watoto.

Saa tatu na nusu. Utaratibu wangu ni kwamba usiku siandiki, nachapa tu ya alfajiri kwenye laptop, kwa sababu usiku nimechoka na nikichoka nawafanya watu wangu waseme vitu vya uongo. Leo nimeshindwa. Baba Nasri kaniangalia akasema "mama Nasri nenda, vyombo ntaosha mimi," na kwa hilo namshukuru sana, kuna watu wanaacha kuandika kwa kukosa mtu wa kuwaambia hivyo.

Nikafuta asubuhi yote ya kusubiri, kurasa tatu. Nikamtoa Bi Mwanaisha na khanga zake, nikamshusha mpaka majini, nikampa kifuu. Amekaa mkiani mwa mtumbwi, maji yanamfika vifundoni, anafua, macho yako kwenye taa moja ya ng'ambo.

Saa tano kasorobo nimemfikisha katikati ya mto. Kesho saa kumi alfajiri namvusha.